Si Mimi, ni Wateja

Amri ya kukaa ndani kwa sababu ya korona ilipolegezwa mwezi wa kumi mwaka 2021, wanawake wa Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney, Australia, walitoka majumbani na vichwa vya kutisha. Wengine walikuwa wamejisuka wenyewe mbele ya kioo cha bafuni, na aliyewahi kujisuka kisogo anaijua aibu yake. Wengine walishinda na vitambaa wiki baada ya wiki wakidai ni mtindo. Mama mmoja alimpa mumewe kitana akamwomba amfumue tu, asifanye kingine chochote. Ndoa ilinusurika, nywele hazikunusurika.

Wote hao walikuwa wakimngoja Chibalonza.

Chibalonza, au Mama Chiba kama wateja walivyomwita, alikuwa na saluni ndogo karibu na kituo cha treni, kati ya duka la simu na duka la mikate la Wavietinamu. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mwepesi wa kucheka na mwepesi vilevile wa kununa, na saluni yake ilikuwa na viti vitatu, benchi la kungojea, birika la chai, na pazia la maua kule nyuma. Wateja walimfuata kwa treni na kwa basi, wengine wakipita saluni kadhaa njiani. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyelipinga, lakini tuseme ukweli, hawakufuata mkono tu. Walikuja kusema. Rasta ndogondogo ni kazi ya siku nzima, na mwanamke mwenye akili zake hawezi kukaa siku nzima amefunga mdomo. Humo ndimo waume walimochambuliwa kama mchele, na mawifi, na mabosi, na mchungaji pia akizidisha. Lililosemwa humo lilibaki humo, au likitoka lilitoka kwa adabu.

Chibalonza aliyapenda makelele yale kuliko mapato. Alipofika nchi hii mara ya kwanza alikuwa akisafisha ofisi mjini, katika maghorofa yale marefu, na zilipita siku nzima bila mtu kumwita jina lake. Alijiapiza kwamba akipata mahali pake mwenyewe, patakuwa mahali pa watu kusema. Kwa hiyo miezi ile ya kufungiwa, saluni ikiwa kimya na viti vimefunikwa mashuka, ilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Sasa mlango ulikuwa wazi, wateja walikuwapo tele, na taabu ilikuwa moja. Msaidizi wake Yvette alikuwa amehamia Brisbane na mumewe. Na Chibalonza alizoea kusuka kwa watu wawili, kama walivyosuka kwao: mteja katikati, yeye kulia, mwenzake kushoto, wanakutana utosini. Kazi ya siku nzima inakuwa ya nusu siku. Peke yake asingeimaliza foleni ile hata Krismasi ya mwaka mwingine. Tena si kila msusi anaweza kusuka kwa watu wawili. Mikono isipopatana, upande mmoja unakaza mpaka jicho linavutika, upande wa pili unalegea, na mteja anaondoka na uso wa mtu aliyeshtuka nusu.

Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Anatafuta mtu wa kusuka naye, mkono mwepesi, chanjo zote mbili.

Kesho yake, kabla mteja hata mmoja hajafika, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanaume.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, barakoa imemkaa usoni ndogo kama ya mtoto. Akajiandikisha kwa simu pale mlangoni kama sheria ilivyotaka, akaonyesha cheti cha chanjo, akasimama.

“Jambo, mama.”

“Jambo, papa. Umemuleta bibi? Mwambie aingie, sababu gani anaogopa?”

“Sikuleta bibi. Nimekuya kwa ile kazi.”

“Kazi gani?”

“Ya kusuka.”

Chibalonza alichungulia nyuma ya mgongo wa yule mtu, labda mke alikuwa amejificha huko. Hakukuwa na mke. Mtu mwenyewe aliitwa Balthazar, mzaliwa wa Uvira, na alijieleza taratibu bila kujitapa. Alikuwa mvulana peke yake kati ya dada watano. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walikokaa miaka mingi, nyumba yao ndiyo iliyokuwa saluni ya mtaa wao wote, na dada zake walimfundisha tangu utoto kwa sababu walihitaji mikono. Hapa Sydney alikuwa akipakua makontena kwenye ghala moja upande wa Port Botany. Ghala lilipopunguza watu wakati wa amri zile, yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa, na hakuitwa tena.

“Nipe kichwa moja tu ya kujaribu, mama. Ukiona haiko muzuri, nitaenda.”

“Papa, munisamehe,” Chibalonza akasema, na alisema kwa upole wa kweli. “Franchement, kweli kabisa, sio mimi. Mimi sina shida. Ni wateja. Hapa banakuya bamama tu. Haitawezekana.”

Balthazar hakubisha. Alisema, “Sawa, mama, nimeelewa,” akatoka, akafunga mlango polepole usigonge.

Chibalonza aliona amelimaliza jambo vizuri. Hakumtukana mtu, hakumcheka, alimwita papa. Mchana alipomweka kitini Wilkister, akamsimulia kama kisa cha kuchekesha.

Wilkister alikuwa Mkenya, mwenyeji wa Homa Bay, nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na rafiki wa Chibalonza tangu siku walipogombania kiti kimoja kwenye basi. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama inaamkia wageni.

“Mwanaume muzima!” Chibalonza alikuwa akisema, huku anagawa nywele. “Mabega hivi! Nikamwambia kwa heshima: papa, sio mimi, ni wateja. Akaenda na amani yake.”

Alingoja Wilkister acheke. Wilkister hakucheka.

“Anajua kusuka?”

“Nitajua wapi? Sikumujaribu.”

“So hukumpa hata chance.”

“Wilki, ni mwanaume!”

Wilkister aliitazama mikono yake mapajani. “Wacha nikuambie kitu sijawahi ambia mtu,” akasema. “Last year pale job, kulikuwa na nyanya mmoja alikataa nimuoshe. Hakunitusi. Alisema tu hataki mikono yangu, aletewe mtu mwingine. Na unajua alimaanisha mikono gani. Sasa manager wangu, mama mzuri sana, hata huniletea keki birthday yangu, akaniita office, akafunga mlango, akanishika bega hivi. Akaniambia, ‘Wilkister, you know it's not me. It's the residents.’ Ati si yeye, ni wale wazee. Halafu akanihamisha wing, upande mwingine wa nyumba. Polepole, kwa heshima. Nililia kwa toilet mpaka break ikaisha. Afadhali angenitusi, ningejua pa kumshika.”

Vidole vya Chibalonza vilisimama katikati ya msuko.

“Huyo manager hana haya!”

“Ako na haya sana. Ndiyo maana alifunga mlango.”

Hapo ndipo Chibalonza alipoyasikia maneno yake mwenyewe, yaleyale, na upole uleule. Nyani haoni kundule. Alikasirika, kama tunavyokasirika sote tukikamatwa, na hasira ikamtafutia sababu haraka.

“Haiko sawasawa! Yule mama muzee aliangalia ngozi. Mimi nachunga bamama yangu. Banakuya hapa kusema. Ukiweka mwanaume kati yao, nani atafungua kinywa? Wewe utasema mambo ya bwana yako mbele yake?”

Wilkister akafikiri. “Labda siwezi,” akakubali. “Hapo uko na point.”

“Na Nibigira? Anatoa kitambaa yake hapa. Nimuletee mwanaume?”

Nibigira alikuwa Mrundi wa Buyenzi, aliyeolewa na Mwislamu akasilimu, na pazia la maua liliwekwa kwa ajili ya wanawake kama yeye.

“Nibigira hapana, na hakuna mtu atamlazimisha,” Wilkister akasema. “Yeye ako na pazia, na ako na mikono yako. Lakini hiyo si sababu ya kunyima Balthazar hawa wengine wote.”

“Na serikali yenyewe? Si inaniambia nisimame pale mlangoni, nikatae asiyechanjwa? Wiki ile ilipita nilimurudisha dada wa kanisa, nikaona machozi yake. Hiyo iko sawa, lakini mimi kukataa mwanaume moja ndiyo zambi?”

“Huyo dada akitaka, kesho ataenda kuchanjwa na atarudi. Sasa huyu Balthazar kesho aende akakuwe nini?”

Chibalonza akavuta nywele kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

“Woi! Usiniue, mimi ni mteja wako. Nijibu tu hii moja, halafu nitanyamaza. Hao wateja unasema hawataki. Umewauliza?”

Hakuwa amewauliza. Hata mmoja.

Alirudi nyumbani amenuna. Mumewe Rodrigue alimsikiliza huku anamenya viazi, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: “Na mimi nani ananinyoa? Si ule dada wa Ethiopia pale station? Ulishaniuliza kitu?” Chibalonza akamwambia hayo ni mambo mengine kabisa. Alipoulizwa mengine vipi, akamwambia aangalie viazi vyake.

Lakini hofu yake haikuwa ya uongo, na mimi simcheki kwa hilo. Hakumwogopa Balthazar. Aliogopa ukimya. Aliiona saluni yake imekuwa kama ofisi zile za mjini, watu wamekaa kila mtu na simu yake, wananyolewa, wanasukwa, wanaondoka. Kwa saluni ya namna hiyo asingepoteza hata asubuhi moja. Alijipikia chai, akainywa yote, akachukua simu, akafungua kundi lile la WhatsApp.

“Bamama,” akasema, “kuuliza si ujinga. Kuko msusi mwanaume, anaitwa Balthazar. Atasuka pamoja na mimi, yeye kushoto, mimi kuume, mlango wazi. Asiyetaka, nitamusuka mimi peke yangu, lakini atangoja zamu. Museme yote, bila haya.”

Walisema. Simu ilikuwa moto. Mmoja alisema kwa hali ya kichwa chake hata simba akijua kusuka amletee. Mwingine aliuliza kama huyo mtu ameoa, wenzake wakamvamia. Wawili walisema hapana, wataenda saluni ya Blacktown, na kweli walikwenda. Mama Bisimwa, kiongozi wa kwaya, alituma sauti ndefu kama mahubiri. Hakutaka mwanaume asikie siri za wanawake, kwa sababu mwanaume hata akinyamaza anakumbuka. Nibigira alisikiliza ujumbe, alama zikaonyesha ameusikia, na hakujibu kitu.

Hata hivyo waliokubali walikuwa wengi, na Chibalonza akamwita Balthazar.

Mikono haikuwa tatizo, hilo lilijulikana siku ya kwanza. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Vanessa, msichana wa chuo, ambaye angekubali kusukwa na yeyote alimradi amalize kabla ya kupiga picha na rafiki zake. Chibalonza alianza kulia, Balthazar kushoto, bila kupimana wala kuambizana. Walipokutana utosini, mistari ilikutana, na mkazo ulikuwa mmoja. Chibalonza aliupitisha mkono wake juu ya kichwa kile toka sikio hadi sikio. Hakuweza kujua ni wapi aliishia yeye na wapi alianzia mwenzake.

Tatizo lilikuwa lilelile alilolitabiri. Walinyamaza.

Wanawake waliokuwa wakiingia wanapiga kelele tangu barabarani sasa waliingia wakisema “jambo” kwa sauti za hospitalini. Walikaa, wakavuta barakoa juu, wakatazama mbele. Wimbo wa injili uliimba peke yake kwenye redio. Mtu akimwambia mwenzake kwamba mvua inataka kunyesha, mwenzake aliitikia ndiyo, inataka. Balthazar naye aliliona hilo. Akajikunja, akajifanya mdogo kadiri mabega yalivyomruhusu, akasuka bila hata kukohoa, na hilo likaongeza kimya juu ya kimya. Siku iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, na nyingine tena. Mama mmoja aliyekuwa na habari nzito za wifi yake alikaa nazo toka asubuhi mpaka alasiri, akaondoka nazo hivyohivyo, na ilionekana zinamwuma.

Chibalonza alisuka vichwa vingi wiki ile kuliko wiki nyingine yoyote, na hakufurahi hata kidogo. Kufikia Alhamisi alikuwa amekata shauri. Jumamosi jioni atamwambia Balthazar kwamba amejaribu, na imeshindikana. Safari hii atakuwa amejaribu kweli, na moyo wake hautamsuta.

Ijumaa akaja Mama Bisimwa.

Kwaya ilikuwa imeruhusiwa kuimba tena Jumapili ile, baada ya miezi, na kiongozi hawezi kusimama mbele ya kanisa na kichwa kama kichaka. Zamu ya kusukwa na Chibalonza peke yake ilikuwa bado mbali. Akaketi wima, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

“Nimekubali sababu ya kwaya,” akatangaza. “Sio sababu ya kupenda.”

“Karibu, mama,” Balthazar akasema, akaanza upande wake.

Mama Bisimwa alivumilia mistari michache. Lakini alikuwa na jambo, na lilikuwa limekaa ndani yake tangu mwezi wa saba. Akainamisha kichwa upande wa Chibalonza, akavuta barakoa, akaanza kunong'ona.

“Ni Venant,” akasema. Venant ndiye mumewe. “Tangu walimusimamisha kazi, ameingia kikoni. Si kupika! Anapanga. Sufuria zangu amezipanga, kubwa chini, dogo juu. Miaka yote hakujua chumvi inakaa wapi, sasa ananiuliza sababu gani nimetia mara mbili. Jana nimetafuta mwiko wangu nusu saa. Nakuambia nitamu—”

“Mama,” Balthazar akasema kutoka upande wa pili, kwa upole, “ukitaka kumusema papa, umuseme kichwa ikiwa wima. Ukiinama hivi mustari unapinda, na Jumapili kanisa yote itaona ni wapi ulifika kwa kumusema.”

Msichana mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi akapasuka kwa kicheko, akajaribu kukizuia, kikamtokea puani. Mwenzake akafuata. Mama Bisimwa mwenyewe alibaki mdomo wazi ndani ya barakoa, mabega yakaanza kumtikisika, na hakuna mtu aliyejua kama analia au anacheka mpaka alipopiga goti lake kofi.

“We mutoto wa Uvira!” akasema. “Kumbe unasikia!”

“Masikio haina kifuniko, mama, munisamehe.” Balthazar aliendelea kusuka. “Na mimi nilizipanga.”

“Ulipanga nini?”

“Sufuria za bibi yangu. Kazi ilipoisha, kila asubuhi niliamuka saa ya kazi, nikavaa viatu ya kazi, nikaingia kikoni. Nilipanga sufuria, nikapanga sahani, nikapanga mpaka vitunguu. Bibi yangu alinivumilia, siku moja akanitupia mwiko.”

Benchi zima lilikuwa linasikiliza sasa. Balthazar hakushusha sauti.

“Haikuwa ya sufuria, mama. Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Kama hakuna mutu ananihitaji. Inje hawanitaki, sasa nikasema angalau ndani nipange kitu.”

Msuko ukaenda toka paji mpaka kisogo. “Venant hakuniambia anaogopa,” Mama Bisimwa akasema hatimaye, na hakunong'ona tena.

“Hatakuambia. Atapanga sufuria.”

“Kumbe,” Mama Bisimwa akasema. Aliushika mkoba wake, akautundika nyuma ya kiti, akaegemea. “Basi nitamupatia na kabati ya nguo.”

Walicheka tena, lakini Chibalonza hakucheka. Alikuwa amesimama na uzi wa nywele mkononi, na aibu ilikuwa imempanda toka miguuni. Mtu huyu alikuja kwake asubuhi ile akiwa na hofu hiyo kifuani, na yeye, kwa upole, akamwita papa akamthibitishia. Kati ya wote waliomwambia Balthazar hatakiwi, pengine yeye ndiye aliyesema kwa sauti tamu kuliko wote. Aliona akinyamaza siku ile, atanyamaza daima.

“Papa Balthazar,” akasema, na wote wakamsikia. “Siku ile ulikuya, nilikudanganya. Nilisema ni wateja. Haikuwa wateja. Ilikuwa mimi.”

“Nilijua, mama.”

“Ulijua je?”

“Wateja walikuwa hawajafika,” Balthazar akasema. “Saluni ilikuwa na wewe tu.”

Hakulisema kwa kisasi. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaomba kitana, na Chibalonza akampa. Kilichofuata sitaki kukipamba. Chibalonza alikwenda nyuma ya pazia, akajifuta macho kwa taulo la wateja, akarudi, akasuka upande wake. Mama Bisimwa akasema mstari wa kulia sasa ndio unaopinda, na akasema kweli.

Jumamosi jioni ilifika. Chibalonza alimwita Balthazar pembeni, akamkabidhi ufunguo wa mlango ili awe anafungua siku za Jumatatu.

Wiki zikaenda. Habari za wifi ziliwasilishwa hatimaye, zikiwa zimeiva. Mama Bisimwa aliripoti kwamba Venant amepata kazi ya kuendesha basi, na sasa yeye mwenyewe hawezi kupika mpaka sufuria zikae kubwa chini, ndogo juu. Wilkister aliandika barua pepe kwa meneja wake, ya adabu na ya wazi, akataka kurudishwa kwenye wing yake, na alikuwa bado anangoja jibu. Kila alipokuja aliulizwa, na kila mara saluni nzima ilimtungia barua ya pili.

Ukiacha wale wawili wa Blacktown, mmoja tu hakuwa ameonekana, na Chibalonza alimkumbuka kila alipolitazama pazia. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba Nibigira amekwenda zake, na kwamba ana haki, na kwamba inauma vilevile.

Alikuja siku moja ya jua kali, mwezi wa kumi na mbili. Alisimama kizingitini, hijabu ya kijani, hakuingia.

“Mama Chiba, amahoro. Yule mwanaume yupo?”

“Yuko,” Chibalonza akasema. Hakuona haja ya kuficha. “Na pazia iko. Na mikono ni ya mimi. Nitakusuka peke yangu, hata ikichukua siku yote.”

Nibigira alitazama ndani. Balthazar alikuwa ameshamwona. Bila kuambiwa, alikisukuma kiti cha mteja wake, mteja akiwa bado amekikalia, mpaka upande wa dirishani, akageuka akalipa pazia mgongo. Mteja alilalamika kwamba yeye si mzigo wa kontena.

“Basi sawa,” Nibigira akasema. “Nilitaka tu kuuliza.”

Nyuma ya pazia alivua hijabu, na nywele zake zilikuwa katika hali ambayo Chibalonza, kwa heshima ya taaluma, hakuisema. Akaanza kugawa. Mwanzoni Nibigira alikaa mgongo umenyooka, akitega sikio. Upande wa pili maneno yalianza kidogokidogo, kisha yakanoga. Balthazar alikuwa akisimulia jinsi mama mkwe wake alivyojaribu kumfundisha kupika bugali kwa njia ya video, na simu ikaanguka ndani ya sufuria. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mabega ya Nibigira yakashuka taratibu chini ya mikono ya Chibalonza, shingo ikalegea.

Balthazar akafika mahali fulani pa kisa, akashusha sauti, kwa kuwa lililofuata lilimhusu mama mkwe mwenyewe. Upande ule wote wakamwinamia. Upande huu hakikusikika kitu.

Nibigira aliinua kidevu.

“Ewe Balthazar!” akapaza sauti juu ya pazia. “Mbona unanong'ona? Na sisi huku tuna masikio!”

Chibalonza aliachia nywele zote alizoshika, akacheka mpaka akashika ukuta. Na Balthazar, bila kugeuka, akakianza kisa upya tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha treni.